Karatasi ya Ndani ya Kava

Kijiko cha kwanza cha chai kilipotea mwezi wa tisa. Cha pili kikafuata wiki mbili baadaye. Mimi ni mtu wa kuvijua vijiko vyangu, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu seti ile ya vijiko kumi na viwili niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza hapa London. Nilipovikuta vyote viwili ndani ya droo ya mume wangu, chini ya soksi, nilikaa kitandani nikalia. Sikulilia vijiko. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi ya kulea wazee wa watu katika mji huu, na mlezi wa wazee anajua maana ya kijiko kukutwa kwenye soksi.

Kazini nilimwona bibi mmoja wa Kiingereza akitia miwani yake ndani ya friji, na bwana mmoja akificha mkate chini ya mto. Niliwaandikia majina kwenye makoti yao, nikawatilia kadi za anwani mifukoni, nikawaeleza watoto wao kwa sauti ya upole kwamba hapana la kuonea aibu, maradhi ni maradhi. Nilikuwa hodari wa kusema hivyo. Watoto wao walinishukuru, mmoja hata akaniletea maua. Kumbe mganga hajigangi.

Mume wangu alisomesha jiografia Unguja kabla hatujahamia huku. Huku vyeti vyake havikumpa kazi, akajifunza kuendesha basi, na akaliendesha miaka ishirini na miwili. Alizijua njia za London kuliko wenye London yao. Mgeni akitupigia kutoka uwanja wa ndege, yeye alimwongoza kwa maneno matupu mpaka mlangoni petu Thamesmead: shuka hapa, panda pale, ukiona ziwa umefika. Mtu huyo ndiye aliyeniuliza alasiri moja, tukitoka dukani, kama sisi tunakaa ghorofa ya pili au ya tatu. Akacheka mwenyewe, nami nikacheka. Hatukuizungumza tena habari hiyo.

Alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa, nacho ni Ijumaa yake. Tangu astaafu, kila Ijumaa alivaa kanzu na koti zito juu yake, akapanda basi mpaka Abbey Wood, akashika treni mpaka Paddington, akasali, kisha akatembea mpaka Edgware Road kunywa kahawa na wazee wenzake watatu wa Unguja. Walikaa dirishani wakiipanga upya serikali ya nyumbani, na wakibishana nani alifunga goli katika mechi ambayo wote wameisahau. Alirudi saa kumi na moja ananuka kahawa na moshi wa shisha za watu, uso umemkunjuka. Binti yetu aliposema kwamba Baba asiende tena peke yake, nilimjia juu.

"Ukimnyang'anya Ijumaa yake utamwachia nini?"

Alinijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto waliozaliwa huku: "Then he needs a proper phone, Mama."

Simu alimnunulia yeye. Akaipanga ili tuweze kuona kwenye simu zetu, mimi na yeye, kinukta cha buluu kinachoonyesha baba yupo wapi. Kava tulikwenda kulichagua pamoja huko Thornton Heath, anakokaa binti, kwenye duka dogo la Muhindi mmoja mzaliwa wa Tanga. Duka lake limejaa makava kuanzia sakafuni mpaka darini, mpaka unaingia kwa ubavu.

"Karibu mama, karibu mzee wangu," alisema. "Mzee anaangusha simu?"

"Haangushi," nilidakia.

"Wote wanaangusha, mama. Hata mimi naangusha, na mimi nauza."

Akatutolea la mpira mnene, la ngozi la kufunga kama kitabu, la plastiki laini linaloonyesha ndani, na moja lenye kamba ya kuvaa shingoni. Binti akalipenda hilo la kamba. Mume wangu akaishika kamba kwa vidole viwili, akaipima urefu.

"Hili la mbuzi wa Idi," akasema. "Tena mbuzi mwenyewe hulia."

Muhindi alicheka mpaka akakohoa. Binti akaniuliza nini kimesemwa, na nilipomfasiria hakuona cha kuchekesha. Mimi nilicheka, lakini nilifahamu kwamba kamba haitakuwapo. Mtu aliyeongoza basi la ghorofa katikati ya mji huu miaka yote ile hakubali kufungwa kamba na mkewe na bintiye.

Tukachukua linaloonyesha. Lilikuwa na kona nene za kuzuia simu isipasuke ikianguka, na mgongo wake ulikuwa kama kioo. Nyumbani nikakata karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, nikaandika kwa Kiingereza kama tulivyozoea kazini: mwenye simu hii ana maradhi ya kusahau, ukimwona amepotea tafadhali nipigie mimi mkewe, na namba yangu. Nikaipachika baina ya simu na kava, maandishi yanatazama nje. Yeye alikuwa kwenye kochi ananitazama.

"Umeandika nini?"

"Namba yangu. Labda itaibiwa."

"Mwizi akupigie wewe?"

Nikaokota vipande vya karatasi. Yeye hakunyoosha mkono kuisoma, angalau si mbele yangu, akarudi kwenye taarifa yake ya habari.

Miezi minne tulikwenda hivyo, na mara moja karatasi ile ilifanya kazi yake sawasawa. Mama mmoja wa Kinaijeria alimkuta Abbey Wood, amesimama kwenye kituo kisicho chake, basi la tatu linampita. Akausoma mgongo wa simu mkononi mwake, akanipigia, akamshikilia kwa mazungumzo mpaka nikafika. Njiani kurudi mume wangu aliniambia kwamba alikuwa anapumzika tu. Nikamwambia ndiyo, leo kuna upepo mzuri.

Kisha ikaja hitima. Alifariki mtu tunayemjua, tukakusanyika ukumbini, wanaume upande wao na sisi upande wetu. Mume wangu alipokwenda kutia udhu aliiacha simu juu ya rafu ya viatu, kifudifudi. Asubuhi yake nikapata ujumbe kutoka kwa shoga yangu wa siku nyingi, tuliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani utotoni Unguja.

"Pole shoga," aliandika. "Bwana wangu kaiona simu ya mzee. Kumbe ndo mmefika huko, mnamwandikia anwani kama pipa la kwenda Unguja?" Akamalizia na vile vikatuni vinavyocheka huku vinalia.

Sote tulio huku twayajua mapipa hayo. Unanunua pipa la plastiki la buluu, unashindilia sabuni, viatu, mashuka, unaandika kwa wino mnene jina na namba ya simu ya atakayelipokea, linakwenda zake na meli. Shoga yangu hakukusudia ubaya. Ni mtu wa mzaha toka utoto, na lau angekuwa mume wa mwingine, pengine maneno hayo ningeyasema mimi kwanza. Lakini nilihisi uso unaniwaka kama nimepigwa kofi. Nikawaona akilini mwangu wale wazee watatu wa kahawa, simu ya mume wangu ipo mezani baina ya vikombe, wanaisoma, wanatazamana, yeye anaendelea kuwahadithia. Kwetu sisi mke ni vazi la mumewe. Nikajiona nimemtoa mtaani hana nguo.

Nimewaambia watu mara ngapi mimi, kwa mdomo wangu, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Jumatatu nikapanda treni peke yangu kwenda Thornton Heath.

"Mama, mbona umerudi?" aliniuliza Muhindi. "Lile lina kasoro?"

"Anataka la heshima zaidi. Jeusi."

Akanitazama kidogo. Nadhani alikumbuka karatasi, maana nilimwomba ushauri siku ile karatasi ya namna gani haitachuja. Ni mfanyabiashara mwenye adabu. Akaniteremshia jeusi la ngozi, linalofunga kama kitabu kwa sumaku, na ndani yake ganda gumu ambalo simu inaingia kwa nguvu mpaka inalia *tak*.

"Hili ni imara kabisa, mama. Ikishaingia haitoki ovyo. Kuitoa hata mimi nataka msaada."

"Hilo hilo," nikasema.

Karatasi sikuitupa. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Niliiweka ndani ya ganda, nikaishindilia simu juu yake, nikajiambia kwamba ikitokea shida watu wataitafuta, na pia kinukta cha buluu kipo. Mume wangu alipoliona kava jipya alilifungua na kulifunga mara tatu au nne, akisikiliza ile sumaku.

"Hili la kiungwana," akasema. Akalitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akapapasa juu yake.

Nilifurahi siku ile. Ni furaha ambayo sasa siwezi kuikumbuka bila ya kuumwa.

Ndipo vijiko vilipoanza kupotea. Nilipovikuta kwenye soksi na kumaliza kulia, hasira zikanipanda, maana mimi huzuni yangu haikai peke yake, huja na dada yake. Nikaenda navyo sebuleni.

"Bwana, hivi vinafanya nini kwenye soksi zako?"

Akavitazama kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Nilikuwa nakoroga," akasema.

"Unakoroga soksi?"

Akacheka, kile kicheko chake cha kichinichini, na mimi sikucheka naye. Nilimsema. Nilimwambia nimechoka, nimelea wazee wa watu mchana kutwa, sasa nije nyumbani nitafute vyombo vyangu ndani ya nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya bibi, yamekwisha." Tangu siku hiyo vijiko nilivitia kwenye kabati la juu, asilolifikia bila ya kiti. Cha kukorogea chai nilimtolea mwenyewe na kukirudisha mwenyewe. Havikupotea tena, nami nikajiona nimeshinda.

Ijumaa nzito ilikuja mwezi wa kwanza, mvua ya rasharasha na baridi ile inayopita kwenye mishono ya koti. Nilimfunga skafu shingoni, akaondoka saa tano na nusu. Saa nane kasorobo kinukta cha buluu kilisimama karibu na mto, mahali pasipo na treni yake wala kahawa yake, kisha kikafa. Nikapiga, simu haiiti. Baadaye tulifahamu kwamba alikuwa ameiwasha tochi ya simu bila ya kujua, ikawaka ndani ya mfuko mpaka chaji ikaisha.

Nikampigia mmoja wa wale wazee. "Leo hatujamwona yakhe," akaniambia. "Tumemwekea kiti chake." Nikampigia binti. Binti akaacha kazi, akaenda pale kinukta kilipofia, akazunguka, akauliza, hakumpata. Tukawapigia polisi, wakachukua maelezo yake: mrefu, kanzu nyeupe, koti la kijivu, simu yenye kava jeusi. Mimi niliambiwa nikae nyumbani, huenda akarudi. Nikakaa dirishani nikilitazama ziwa na bata wake. Saa tisa, saa kumi, giza likashuka mapema kama desturi ya huku, na kila basi lililosimama nilihesabu walioteremka.

Saa kumi na mbili na nusu ikapiga namba nisiyoijua.

"Alo? Mama? Niko na mzee hapa, anasema Kiswahili ya kwenu."

Alikuwa mama wa Kikongo, wa upande wa mashariki. Kazi yake ni kusafisha chumba cha kupumzikia madereva kwenye kituo cha mwisho cha basi fulani, ng'ambo ya mto. Nikakifahamu kituo hicho mara moja. Mume wangu alikuwa akimalizia zamu zake pale miaka mingi, mimi mwenyewe nilimpelekea chakula mara mbili tatu. Alikwenda kazini. Alikaa kwenye benchi la nje, mvuani, akingoja basi lake aliendeshe.

"Anasema amechelewa zamu," mama yule akaendelea. "Baridi imemushika sana, mama. Nimemutia ndani, nimemupatia chai. Simu ilizima. Nilitaka kuichaji, shaja yangu ni mukubwa haiingie kwa ile kava. Njo maana nikasema nitoe kava. Nilihangaika! Nikatumia kisu ya siagi. Njo nikaona karatasi na namba yako."

Nililia, nikamwombea, nikamwambia tunakuja. Kisha akaniuliza, si kwa ubaya, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Lakini mama, mbona, juu ya nini muliificha ndani? Tangu saa nane mzee iko hapa inje. Watu walipita mingi. Dereva moja aliishika hata ile simu, akaona imekufa, akamurudishia."

Hata leo sijampa jibu mama yule, na ameniuliza mara moja tu.

Tulipofika alikuwa amefunikwa koti la kazi la huyo mama, midomo imegeuka rangi. Alinitazama akasema, "Umeleta chakula?" Mama wa Kikongo akanikabidhi simu, kava limesharudi mahali pake. Akaniambia kwamba alipokuwa benchini mzee alikuwa anaikwangua simu mgongoni kwa kucha, anaikwangua tu, naye akadhani anaisafisha. Akaniambia pia kwamba nyuma ya ile karatasi kuna maandiko ya Kiislamu, akaona ni maombi yake, kwa hiyo amerudisha kila kitu vile kilivyokuwa. Nikamwambia ahsante. Nikadhani ni dua fulani aliyoiandika, maana wazee wetu hawaachi. Sikuwa na nafasi ya kuwaza dua. Nilikuwa nakisugua kiganja chake.

Baridi ilikuwa imeshaingia mapafuni. Aliishi siku tisa hospitali. Siku nyingine alinijua, siku nyingine aliniita kwa jina la dada yake. Simu aliitaka iwe mkononi, nami nilimwachia, kwa sababu ilimtuliza. Akailaza kifuani, akaanza tena kulikwangua kava kwenye kona, taratibu, kwa ukucha wa kidole gumba, na macho yake kwangu. Siku ya sita alikwangua mpaka ukucha ukatoka damu.

"Acha bwana," nikamwambia. "Utaliharibu kava."

Akaacha. Alikuwa mtu mtiifu kwangu maisha yake yote, na watu wa nje hawakujua hilo. Aliiweka simu kando ya mto na hakuigusa tena.

Tulimzika Jumatano. Wiki moja baada yake binti alikuja kunisaidia kupanga nguo zake. Nikaitoa ile simu, nikataka kuitoa kwenye kava ili binti aitoe kadi yenye picha. Nikajaribu kwa vidole, haikutoka. Nikajaribu kwa kucha. Nikaisogeza dirishani, nikaona kwenye kona ya ganda, chini, mikwaruzo mingi midogo midogo, na katikati yake alama moja ya duara imebonyea, kama iliyobonyezwa na kitu kimoja mara nyingi. Nikaenda jikoni kutafuta kitu chembamba. Nikapanda juu ya kiti, nikafungua kabati la juu, nikachukua kijiko cha chai. Mpini wake una mwisho wa mviringo. Nikiwa bado nimesimama juu ya kiti, nikafahamu.

Niliuingiza mpini pale penye alama, simu ikatoka kwa mkono mmoja, *tak*, bila ya taabu.

Karatasi yangu ilikuwa pale, maandishi yangu ya Kiingereza upande wa juu. Nikaigeuza. Upande wa pili ulikuwa umejaa kwa penseli, kwa herufi zile tulizofundishwa chuoni, Kiswahili kilichoandikwa kwa Kiarabu, kama babake alivyokuwa akiandika barua zake. Mvua haikuifuta penseli. Mwandiko wa mwalimu, mistari imenyooka, tena baadhi yake imefutwa na kuandikwa upya kwa mkono uliozidi kutetemeka.

"Ukitoka treni shika kulia," nilisoma. "Pita duka la mabegi. Mataa ya kwanza usivuke. Vuka ya pili. Kahawa iko kushoto, kiti cha dirishani. Kurudi Abbey Wood, kituo chenye mti. Ukiona ziwa umefika. Mlango wa kijani. Ghorofa ya pili."

Aliyekuwa akiwaongoza wageni alikuwa akijiongoza mwenyewe. Kila Ijumaa, kabla ya kuondoka, alikuwa akiitoa ramani yake kwa mpini wa kijiko, anaisoma, anairudisha pale nilipoificha mimi, kwa sababu mahali pale palimfaa na yeye. Na ile Ijumaa ya mwezi wa kwanza alikaa benchini, vidole vimekufa ganzi, njia ya nyumbani imo mkononi mwake, naye anaikwangua. Vijiko vyangu vilikuwa kabatini, vyote kumi na viwili.

Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja zaidi.

"What is it, Mama?" binti aliniuliza kutoka mlangoni.

"Dua," nikamwambia. Haikuwa uongo, lakini nilijisikia ninavyoificha, hata hapo, hata kwake. Nikajifunika uso kwa kanga.

Siku ya arubaini tulisoma hitima ukumbini kule kule. Simu yake sasa natumia mimi. Kava jeusi nimelitia kwenye droo pamoja na soksi zake, na simu nimeivisha lile la kwanza, linaloonyesha, karatasi imo ndani, na safari hii mwandiko wake ndio unaotazama nje. Wakati wa kugawa halua shoga yangu alikaa karibu nami, yule wa mapipa. Alikuwa amelia sana siku ya mazishi, na hajui lolote. Akaiona simu mapajani mwangu.

"Dua gani hiyo shoga? Nisomee na mimi."

Nikamsomea. Nilianza na treni, duka la mabegi, mataa ya pili, kahawa, ziwa, mlango wa kijani. Nikamweleza kava la kwanza na la pili, na ujumbe wake, na vijiko. Sikumlaumu, na niliona ameshika mdomo. Nilipofika mstari wa mwisho nikamnyooshea simu. Naye alisoma chuo kile kile nilichosoma mimi, herufi anazijua. Akaisogeza karibu na macho, akasoma polepole, kidole chini ya maneno:

"Mke wangu amejua, hasemi, na mimi sisemi. Mola amsitiri kama alivyonisitiri."